Shoo ya roki Dodoma: gitaa lililonirudisha kwenye ilimba ya mjomba

Tiketi nilikata siku nne kabla, shilingi 10,000 kwa lipa namba. Mlangoni ilikuwa 15,000. Lebo ndogo ya muziki ya Dar es Salaam, isiyo na mdhamini yeyote mkubwa, ilileta bendi zake nne za roki kwenye ukumbi mmoja wa Area D, Jumamosi ya mwisho ya Julai. Nimeishi Dodoma miaka kumi na moja. Kwaya nimesikiliza, bongofleva nimecheza, bendi za dansi za harusini nazijua kwa majina. Bendi ya roki inayopiga nyimbo zake yenyewe sikuwahi kuiona hapa, kwa hiyo nilikwenda na hamu kubwa.

Nianze na kero. Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni, mlango ukafunguliwa saa mbili kasoro robo. Muda wote huo tulisimama nje kwenye upepo wa Julai, ule unaokuletea vumbi na baridi kwa pamoja, na hakuna aliyetoka kutuambia lolote. Mtu ameshalipa, mpe hata neno moja.

Bendi ya kwanza iliumizwa na mitambo. Besi ilipandishwa mno, drams zikameza kila kitu, na kijana wa watu anaimba mpaka mishipa ya shingo imemsimama lakini maneno hayafiki. Nyimbo mbili zilipotea hivyo. Ndipo mwenye lebo, aliyekuwa anauza fulana mezani, akaacha biashara yake, akaja kusimama katikati ya ukumbi, akasikiliza kidogo, akarudi kwa fundi mitambo wakaongea. Wimbo wa tatu tukausikia wote, neno kwa neno. Pale nilimheshimu. Lebo kubwa ingekuwa na watu kumi wa kazi hiyo. Huyu ana masikio yake tu, na aliyatumia.

Bendi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Watu watatu: gitaa, besi, na binti kwenye drams. Mpiga gitaa akasogea kwenye maiki, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" na ukumbi mzima ukaitikia kwa kelele. Kisha akakanyaga pedali, kile kifaa cha mguuni cha kubadili sauti ya gitaa. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye spika yake. Gitaa likatoka na mkwaruzo mzito wenye mvumo ndani yake, na mimi nikahama pale nilipo, nikawa kijijini Mvumi, barazani kwa mjomba.

Mjomba ana ilimba, ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma juu ya ubao. Wengi mnaijua sauti yake kupitia marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeufikisha muziki huu Uingereza hadi ukarekodiwa na lebo ya Real World. Ubao wa ilimba una vitundu, na vitundu hivyo huzibwa kwa utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui. Ukibonyeza ulimi wa chuma, utando unatetemeka, na sauti inatoka ikivuma. Utotoni kazi yangu ilikuwa kutafuta vifuko hivyo nyuma ya mlango na kuvibandua kwa ncha ya ukucha, taratibu, visichanike. Utando ukipasuka mjomba hapigi mpaka upatikane mwingine. Anasema ilimba isiyovuma imekufa.

Pedali ya gitaa inafanya kazi ileile kwa umeme. Inaisukuma sauti kupita kiasi mpaka vilele vya mawimbi yake vinakatwa, na kinachobaki kinakwaruza. Noti safi inachafuliwa kwa makusudi ili iwe na uhai zaidi. Wagogo walishalijua hilo kwa utando wa buibui. Na yule binti wa drams alijua anachofanya, maana katikati ya wimbo aliacha matoazi yote, akabaki na ngoma mbili za chini, akapiga mdundo wa muheme, ngoma ambayo kwetu hupigwa na wanawake. Mama mmoja pembeni yangu, mtu mzima wa kitenge, alianza kutikisa mabega bila kuombwa.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia roki si ya kwetu. Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst miaka ya 1970, bendi iliyokwenda hadi Zambia kurekodi mwaka 1976, wakati Wazambia wenyewe wana roki yao, Zamrock. Kazi za Sunburst zilitolewa upya na lebo ya Strut mwaka 2016, miaka 40 baadaye. Tungekuwa na lebo ndogo nyingi za kujali, tusingesubiri wageni watutunzie vya kwetu.

Bendi ya tatu ilipiga kwa kasi sana na nyimbo zake zilifanana, nikatoka kula mishikaki. Ya nne ilifunga kwa wimbo mrefu wa polepole, wa Kiswahili, unaomhusu baba mstaafu anayefuatilia mafao yake dirisha hadi dirisha. Katika mji huu wa watumishi, ukumbi ulinyamaza kabisa. Ningependa bendi zote ziimbe hivyo. Mbili kati ya nne ziliimba Kiingereza, na kwangu maneno yao yalipita tu.

Sisi tukisema andagraundi tunamaanisha msanii ambaye bado hajatoka. Nilipomuuliza dada wa mezani bendi zao zitatoka lini, alinijibu kwamba zimeshatoka, ziko hapa. Akanieleza pia kwamba wakishatoa gharama, lebo na bendi wanagawana nusu kwa nusu. Nikanunua fulana kwa 25,000 na kadi ya kupakulia nyimbo kwa 5,000.

Ukienda shoo yao ijayo, vaa sweta, fika saa moja na nusu, na simama kushoto mwa jukwaa, mbali na spika za besi.

Jumapili nilimtumia mjomba wimbo wa bendi ya pili kwa simu. Alinipigia jioni. Hakuuliza ni akina nani wala wametoka wapi. Aliuliza: "Mwanangu, huo utando wameuweka wapi?" Nikajaribu kumweleza pedali, hakunielewa. Nimemwambia wakirudi nitamleta mjini aione mwenyewe.