Africa Addio: boksi la DVD au vipande vya mtandaoni?

Anayeitafuta filamu ya Africa Addio leo ataangukia ama boksi la kampuni ya Blue Underground ya Marekani, DVD 8 zilizotoka mwaka 2003, ama vipande vya dakika chache vinavyorushwa kutoka simu hadi simu. Picha ni zile zile. Unachokipata si kile kile.

Filamu hii ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi ilitoka mwaka 1966. Inapita Kenya walowezi wakifungasha virago, inaingia Dar es Salaam wakati wa maasi ya askari ya Januari 1964 na kwenda Kongo ya mamluki. Lakini kinachoifanya itafutwe mpaka leo ni Zanzibar: ndege inapita juu siku chache baada ya Mapinduzi, chini watu wanaswagwa kwa mistari, makaburi ya halaiki yako wazi, na maiti zimetapakaa ufukweni. Picha za sinema za mauaji yale ni adimu mno, ndiyo maana Wazanzibari walioko Oman na kwingineko huzitunza kama ushahidi.

Kasoro ya vipande ni kwamba vimemwondoa msimulizi. Kwenye filamu nzima, yeye ndiye anayetueleza tangu mwanzo kwamba Ulaya imemtelekeza mtoto asiyejiweza, na kila maiti inayofuata inageuzwa hoja ya kudai kwamba Mwafrika hawezi kujitawala. Mhakiki Roger Ebert aliiita ya kibaguzi na isiyo ya kweli mwaka 1967. Mwaka mmoja kabla, wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani walikuwa wameandamana dhidi yake Berlin Magharibi. Ukikiona kipande cha Zanzibar peke yake chenye maandishi mapya, hutajua kwamba aliyepiga picha zile alikuwa na kesi yake ya kujenga.

Kipande kikikufikia, tazama kwanza umbo la picha. Filamu ilipigwa kwa upana wa 2.35 kwa 1, yaani upana ni mara 2.35 ya kimo. Ikijaza skrini ya mraba ya televisheni ya zamani bila mistari myeusi juu na chini, basi zaidi ya theluthi moja ya picha imekatwa pembeni, na huwezi kuhesabu watu humo. Kisha sikiliza. Kamera iliyo ndani ya ndege haiwezi kunasa kilio cha mtu aliye ardhini, kwa hiyo sauti ya namna hiyo imepachikwa baadaye. Idadi ya waliouawa anayoitaja msimulizi isinukuliwe bila chanzo kingine.

Jihadharini pia na Africa Blood and Guts, toleo la Marekani lililokatwa likabaki chini ya saa moja na nusu. Walibakiza damu, wakatupa mengi yanayoizunguka. Ni toleo baya kuliko yote, na kwa bahati mbaya ni rahisi kulipata.

Ndani ya boksi kuna toleo la Kiingereza, kama dakika 128, na la wakurugenzi la Kiitaliano lenye tafsiri ya maandishi, kama dakika 140. Chukua la Kiitaliano, upate ubaguzi wake bila kuchujwa. DVD ni za NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, hivyo televisheni ya zamani inayotumia mfumo wa kwetu wa PAL pekee huenda ikaonyesha picha isiyo na rangi.

Udhaifu mkubwa wa boksi uko kwenye nyongeza. Kuna filamu ya mahojiano inayowapa watengenezaji nafasi ya kujieleza, ikiwemo kuhusu tuhuma ya gazeti la Italia la L'Espresso kwamba mauaji fulani Kongo yalisubiri kamera ijipange. Jacopetti alichunguzwa na akaondolewa hatia. Sawa, ana haki ya kujitetea. Lakini hakuna Mzanzibari hata mmoja aliyeulizwa kitu, wala mwanahistoria wa kueleza nani walikuwa kwenye mistari ile. Bidhaa inayouzwa kwa sababu ya maiti za watu ilipaswa angalau kuwatafuta jamaa zao.

Kwa mwalimu au mtafiti, boksi lina thamani. Kuifuta filamu nzima mtandaoni sioni kama kunasaidia, maana vipande hubaki. Kwa kuitazama nyumbani tu, hapana. Na mwenye watoto ajue kwamba hata sehemu za wanyama, viboko wakichomwa mikuki na tembo wakiangushwa, ni mauaji halisi.