Kubadilishana Wanafunzi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar: Tathmini ya Mwalimu Aliyewapeleka

Nimefundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani kwa miaka kumi na moja, na katika muda huo nimewapeleka wanafunzi wangu Unguja mara tatu, wasome Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho wengi tunakiita SUZA. Walimu wenzangu wa ughaibuni huniuliza kama safari hiyo inastahili gharama yake. Wazazi wa Kizanzibari, kwa upande wao, huniuliza kama watoto wao nao watapata nafasi ya kwenda. Nayajibu maswali yote mawili hapa, kwa sababu naona hayatengani: mpango unaoitwa wa kubadilishana unapaswa kupimwa kwa wanaokwenda na kwa wanaokuja.

Chuo kilianzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, lakini ustadi wa kuwafundisha wageni Kiswahili ni mkongwe kuliko chuo chenyewe. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, ilikuwapo tangu 1978 na baadaye ikaingizwa chuoni pamoja na walimu wake na mazoea yake. Urithi huo unaonekana darasani. Mwalimu wa pale hahitaji kuelezwa kwamba Mjerumani atasumbuka na ngeli, au kwamba mgeni anayeweza kusoma gazeti zima huenda akashindwa kuagiza chai; ameshawaona wa kila aina. Kundi langu la kwanza, wanafunzi tisa, walipewa jaribio fupi asubuhi ya siku ya kwanza kwenye kampasi ya Vuga, iliyo mjini, wakagawanywa kwa viwango, na kabla ya adhuhuri walikuwa wameshaanza kusoma.

Hata hivyo, sehemu iliyonifanya nirudi mara ya pili na ya tatu ni kuishi na familia. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa mwaka wa pili aliyekuwa na sarufi nzuri kuliko wenzake wote, alikaa na familia moja ya Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe. Jioni ya tatu mama wa nyumba alimwomba amletee mbuzi kutoka uani, kwa kuwa alitaka kukuna nazi ya wali. Kijana alitoka, akakaa huko muda mrefu, akarudi mikono mitupu.

“Mama, mbuzi hayuko.”

Mama yule alinyanyuka, akaingia uani, akarudi na kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, akakiweka mbele yake. “Hii haina roho, mwanangu,” akamwambia. “Usiseme hayuko. Sema haiko.” Kisha akamfundisha namna ya kuikalia, na namna ya kuizungusha nazi chini ya kiganja bila kufikia ganda la ndani, ili tui litoke jeupe.

Nimeufundisha upatanisho wa kisarufi kwa ubao na kwa chati miaka yote hiyo, na sijawahi kupata mfano unaokaa kichwani kama ule. Mnyama ana roho, kwa hiyo yuko au hayuko. Chombo cha jikoni hakina, kwa hiyo kiko au, kama jina lake ni mbuzi, iko. Kwa sababu hii namshauri kila mwalimu anayeandaa safari aombe familia, hata kama dakhalia ingekuwa rahisi zaidi kwa uongozi na kwa hesabu.

Kuna faida nyingine ambayo kisiwa hiki kinaitoa bila mgeni kuiomba. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwanafunzi aliyekisoma kitabuni huko Ulaya husikia Vuga au Darajani kitu kinachokaribiana na kitabu chake. Lakini akipanda gari hadi Makunduchi, au akivuka kwenda Tumbatu au Pemba, anakutana na lahaja ambazo zitamnyamazisha kwa siku kadhaa. Wanafunzi wangu wa isimu waliitumia nafasi hiyo vizuri. Wale wa historia walizama katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na mmoja wao ilibidi nimkumbushe kwamba kuna bahari.

Kwa upande wa taratibu, mwenye kupanga safari azingatie mambo machache mapema. Mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa tangu Oktoba 2024 kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza kwa dola 44, hata kama ana bima nyingine ya kwao. Anayekaa kwa masomo ya muhula mzima ahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, si viza ya utalii. Anayetaka kufanya utafiti ajue kwamba Zanzibar ina kibali chake, mbali na kile cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, cha Tanzania Bara. Kampasi kuu ya Tunguu iko nje ya mji, kwa hiyo anayeishi Mji Mkongwe ahesabu muda wa daladala asubuhi na jioni. Safari ikiangukia Ramadhani, wanafunzi waelezwe kabla ya kuondoka maana ya kuishi mahali ambapo mchana hakuna anayekula hadharani; wangu walioelezwa walifuturu na wenyeji wao kila siku, nao husema huo ndio ulikuwa wakati mzuri kuliko wote.

Suala la krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo ambavyo chuo kimoja hukitambulia kingine, linawatisha wengi, nalo si gumu kama linavyodhaniwa. Katika mfumo wa Ulaya mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania mwaka una krediti 120, kwa hiyo krediti moja ya kule ni takriban mbili za huku. Muhimu ni makubaliano ya masomo yatiwe saini kabla ya mtu kupanda ndege.

Sasa nije kwenye safari ya upande wa pili, ambako tathmini yangu inageuka, na lawama nailekeza upande wetu wa Ulaya. Ufadhili upo: mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya humpa mwanafunzi anayekuja kutoka nchi kama Tanzania kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kulingana na nchi anayokwenda. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kufuatilia karatasi kwa wakati. Tulimchagua mwanafunzi mmoja wa Kizanzibari, binti mwenye alama za juu, aje kwetu kwa muhula wa Oktoba. Barua yake ya kukubaliwa ilikaa katika ofisi moja ya chuo ninachofundisha hadi mwishoni mwa Agosti. Bila barua hiyo hakuweza kuomba viza, na maombi ya viza hufanyika ubalozini Dar es Salaam, ana kwa ana, baada ya saa mbili za boti. Nafasi ya mahojiano aliyoipata ilikuwa ya Novemba, na masomo yalikuwa yameshaanza. Wanafunzi wangu sita walikwenda Unguja mwaka ule na kurudi. Yeye hakutoka, na ilinilazimu nimpigie simu baba yake kumweleza.

Zanzibar imeshaonyesha kwamba ushirikiano unaweza kupangwa kwa namna nyingine. Madaktari wengi wa visiwani walifundishwa nyumbani na wahadhiri wa Kuba waliotoka Matanzas, watu wa kisiwa wakiwafundisha watu wa kisiwa. Mwaka 2023 IIT Madras, mojawapo ya Taasisi za Teknolojia za India (IIT), ilifungua Unguja kampasi ya kwanza ya taasisi hizo nje ya India. Katika mipango hiyo elimu ndiyo iliyovuka bahari, na kijana wa Mwanakwerekwe hakuhitaji kupanga foleni ya viza. Hata hivyo, yule binti alitaka kuishi katika lugha ngeni kama wanafunzi wangu walivyoishi katika yake, na haki hiyo haipatikani kwa kujengewa kampasi karibu na kwao.

Kwa mwalimu anayeuliza, jibu langu ni ndiyo: wapeleke, kwa wiki zisizopungua sita, wakae na familia, na ofisi yako ianze kushughulikia wanaokuja siku ileile inapoanza kushughulikia wanaokwenda. Sisi tumeanza kufanya hivyo. Binti yule ameomba tena. Safari hii barua yake ilitoka Machi, mahojiano yake ubalozini ni wiki ya pili ya Mei, na tiketi ya boti ameshaikata, ya siku moja kabla.