Wakala wa Tiketi Mwanza Anayefuatilia Hesabu za Mashirika ya Ndege

Anayenunua tiketi ya ndege hulipa leo kwa huduma atakayoipata baada ya wiki kadhaa au miezi, na muda wote huo fedha yake hukaa mikononi mwa shirika ambalo pengine linadaiwa kuliko thamani ya mali zake. Shirika likianguka, abiria huyo husimama nyuma kabisa katika foleni ya wadai, baada ya benki zenye dhamana na wenye ndege za kukodi. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kuandika tathmini ya ofisi moja ya wakala wa tiketi iliyopo Mwanza mjini, ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani katika Mtaa wa Lumumba, ambayo hufanya jambo ambalo tovuti za tiketi hazifanyi: humweleza mteja hali ya shirika kabla hajalipa. Mwenye ofisi hapendi kutangazwa, hivyo jina lake na la biashara yake nayaacha.

Ofisi ni chumba kimoja chenye meza mbili, feni ya darini na benchi la wateja. Mama mwenye ofisi aliianza kazi hii zamani, tiketi zilipokuwa bado zinaandikwa kwa mkono kwenye vijitabu vyenye kaboni nyekundu. Wateja wake ni wafanyabiashara wa mabondo ya samaki wanaokwenda Guangzhou, wagonjwa wenye rufaa ya India, watu wa madini kutoka Geita na wazazi wanaopeleka watoto vyuoni. Wengi humwamkia "Shikamoo mama" kabla hata ya kukaa, naye huitikia "Marahaba, unakwenda wapi na unarudi lini?" kwa pumzi moja.

Chombo chake kikuu cha kazi si kompyuta. Ni kaunta buku nene lenye jalada gumu, ambalo ndani yake kila shirika analouza lina kurasa zake. Kushoto huandika tarehe, kulia huandika habari na mahali alipoipata: gazeti, taarifa ya ukaguzi au barua ya shirika kwa mawakala. Kalamu nyekundu ni ya madeni na ndege zilizozuiliwa. Ya bluu ni ya wafanyakazi, yaani mishahara iliyochelewa, michango ya pensheni isiyopelekwa, kura na notisi za mgomo. Nilipoomba kuliangalia, alinigeuzia bila kusita.

Kurasa za Air Tanzania ndizo nyingi zaidi. Zinaanza na kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki mapema mwaka 1977, kulikolazimisha kuanzishwa kwa Air Tanzania mwezi Machi mwaka huohuo. Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, iliyokuwa na shirika hilo, ulikubaliwa mwaka 1984 tu, na wastaafu wake hapa nchini waliendelea kudai mafao yao, barabarani na mahakamani, hadi karne hii. Mwaka 2002 Serikali iliuza asilimia 49 ya hisa kwa South African Airways kwa dola milioni 20; ubia huo ukavunjika mwaka 2006 na hisa zikanunuliwa tena. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliondoa kwa muda cheti cha uendeshaji cha shirika. Machi 1, 2010 Boeing 737 yake iliacha njia ya kurukia hapahapa uwanja wa Mwanza wakati wa kutua, bila mtu kupoteza maisha, na hadi mwaka 2016, Serikali ilipoanza kununua ndege mpya, shirika lilikuwa limebaki na ndege moja tu ya kubahatisha ratiba.

Mstari mmoja wa wino mwekundu umepigiwa mistari miwili chini yake. Unasema kwamba Agosti 2019 ndege ya Airbus A220-300, mpya kabisa, ilizuiliwa Johannesburg kwa amri ya mahakama, si kwa deni la mafuta wala la vipuri, bali kwa fidia ambayo mkulima mmoja aliidai Serikali ya Tanzania kwa mali zake zilizotaifishwa. Ndege iliachiwa mwezi uliofuata. Mama anaitumia habari hii kumfafanulia mteja kwamba shirika la umma hubeba madeni mawili, lake na la Serikali inayolimiliki, na kwamba hesabu zake pekee haziwezi kukuambia kama ndege yako itaondoka. Chini yake kuna takwimu za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: hasara ya shilingi bilioni 56.6 mwaka wa fedha 2022/23, ikapanda hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24, katika kipindi ambacho baadhi ya ndege za A220 zilikaa chini kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney. Niseme kwa haki kwamba mimi husafiri na shirika hilo kwenda Dar es Salaam na sina lalamiko. Mama mwenyewe huliuza kila siku. Anachokataa ni kuliuza kwa mtu asiyejua anachonunua.

Hata hivyo, kurasa zilizonishikilia kwenye benchi lile hadi chai ikapoa ni za South African Airways, kwa kuwa zinaonyesha hatua kwa hatua jinsi shirika la umma linavyofilisika na jinsi ugomvi na wafanyakazi unavyoingia ndani yake. Shirika hilo halikuwa limepata faida tangu mwaka 2011, na kila mwaka lilikuwa likiishi kwa ruzuku na dhamana za mikopo kutoka serikalini. Novemba 2019 menejimenti ilitangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi ambao ungeweza kugusa watu 944. Vyama viwili, NUMSA cha wafanyakazi wa ufundi na SACCA cha wahudumu wa ndani ya ndege, vilikuwa vinadai nyongeza ya mishahara ya asilimia 8, menejimenti ikitoa 5.9. Mgomo ulianza Ijumaa, Novemba 15, na shirika likafuta karibu safari zake zote mara moja. Ulimalizika baada ya wiki moja kwa makubaliano ya asilimia 5.9 ileile, kwa sharti kwamba fedha zipatikane. Hazikupatikana. Mwanzoni mwa Desemba shirika liliwekwa chini ya wasimamizi wa uokoaji waliopewa mamlaka ya kuamua nani alipwe nini.

Hapo ndipo wengi huishia, wakihitimisha kwamba mgomo ndio uliolimaliza shirika. Kitabu cha mama kinaendelea, na kwa wino wa bluu zaidi. Mwaka 2020 wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara. Desemba mwaka huo menejimenti iliwafungia marubani nje ya kazi kwa sababu ya mkataba wao wa mwaka 1988, uliokuwa na kipengele kinachoufanya ujiendeleze bila kikomo, nao marubani baadaye wakajibu kwa mgomo wao. Shirika lilitoka chini ya wasimamizi Aprili 2021 na kurudi angani Septemba mwaka huo likiwa na takriban wafanyakazi elfu moja, kutoka zaidi ya elfu nne. Mauzo ya asilimia 51 ya hisa kwa wawekezaji binafsi, yaliyotangazwa mwaka 2021, yalivunjwa Machi 2024.

Mama ana msimamo wake hapa, na anausema kwa kila mteja mwenye subira: mgomo huja mwishoni, wakati fedha zimeshakwisha, kwa hiyo anayesubiri habari za mgomo ndipo aanze kuwa na wasiwasi amechelewa. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Siku saba za mgomo hazifilisi shirika lililokuwa limepata hasara miaka minane mfululizo. Ila nadhani anawasamehe marubani kupita kiasi. Mkataba unaolifunga shirika kwa masharti ya mwaka 1988 katika soko la mwaka 2020 ni mzigo halisi, na waliolipia mzigo huo kwa ajira zao ni wahudumu na mafundi ambao hawakuwa na mkataba wa aina hiyo. Nilimwambia hivyo, akacheka, akaniambia nimeongea kama mhasibu. Ndivyo nilivyo.

Thamani ya kitabu hicho niliiona nilipokuwa namtafutia shangazi yangu tiketi ya kwenda India kwa matibabu. Nilikwenda na bei niliyoipata kwenye simu, ya shirika moja la umma la nje ambalo silitaji, nafuu kwa karibu laki nne kuliko zote. Mama akaitazama skrini, akafungua ukurasa, akasema: "Mwanangu, hawa wahudumu wao mshahara umechelewa mara mbili, na chama kimeshapiga kura. Bei imeshuka kwa sababu wanatafuta fedha ya mafuta ya wiki hii. Ukitaka nitakukatia, lakini utasaini hapa kwamba nimekuambia." Nikalipa ile ya juu. Mgomo wenyewe haukutokea. Walielewana dakika za mwisho na ndege zikaruka kama kawaida. Bado naona laki nne zile zilikwenda mahali pake, maana mgonjwa wa moyo hapelekwi uwanjani kwa kubahatisha.

Sehemu ya huduma ambayo ningependa kila msafiri wa Kanda ya Ziwa aifahamu ni namna anavyopanga tiketi. Kwanza, husisitiza safari yote kuanzia Mwanza hadi mwisho iwe kwenye tiketi moja, hata kama kuigawa kungepunguza bei, kwa sababu ukiwa na tiketi mbili za mashirika mawili yasiyo na makubaliano, ya kwanza ikifutwa na ukachelewa ya pili, hasara ni yako peke yako. Pili, kwa shirika lenye wino mwingi mwekundu humtaka mteja alipe kwa kadi ya benki badala ya fedha taslimu, kwani malipo ya kadi yanaweza kupingwa benki huduma isipotolewa. Tatu, humsomea mteja masharti ya bima ya safari, hasa kwamba bima nyingi hazifidii kufilisika kwa shirika, na zinazofidia mgomo hutaka uwe umeikata kabla mgomo haujatangazwa. Masharti ya kurudishiwa nauli huyaandika kwa mkono juu ya karatasi ya safari, kwa herufi kubwa, ili hata mzee aliyeachwa peke yake Addis Ababa aweze kumwonyesha mtu.

Nilimuuliza kama hofu hiyo inahusu pia migomo ya hapa nyumbani. Alinijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mgogoro wa maslahi hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako usuluhishi hupewa siku 30, kisha chama kipige kura, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Na waongoza ndege wamo kwenye huduma muhimu, hivyo hawaruhusiwi kugoma kwa njia hiyo. Maana yake kwa abiria ni kwamba dalili huonekana mapema kwa anayefuatilia, lakini tangazo lenyewe linaweza kumkuta akiwa na siku mbili tu.

Mapungufu yapo, na moja ni kubwa. Mama ni Msabato, na ofisi hufungwa Ijumaa mchana hadi Jumapili asubuhi, simu ikiwa imezimwa. Siupingi uamuzi wa imani yake, lakini biashara ya dharura haiheshimu kalenda: mgomo wa South African Airways ulianza Ijumaa, na ule wa marubani wa Kenya Airways, shirika ambalo Serikali ya Kenya ina karibu nusu ya hisa zake, ulianza Jumamosi, Novemba 5, 2022, ukamalizika kwa amri ya mahakama siku chache baadaye. Msafiri wa Mwanza aliyepitia Nairobi wikiendi ile angempigia nani? Kijana anayemsaidia si Msabato na anaweza mifumo yote ya tiketi. Kumwachia simu ya dharura siku hizo kungetosha. Pia huduma ni ya polepole. Wateja watatu wakitangulia, panga kupoteza asubuhi, kwa kuwa kila mmoja atasimuliwa historia ya shirika lake atake asitake.

Ada ya huduma ni shilingi 20,000 kwa safari ya ndani na 50,000 kwa ya nje, hulipwa kwa Lipa Namba na hairudishwi. Kwa anayekwenda Dar es Salaam na kurudi, sioni haja. Anunue kwenye simu. Kwa safari ya nje yenye mgonjwa, mwanafunzi au mzigo wa biashara, hasa inayopitia shirika linaloishi kwa ruzuku, ada hiyo ni ndogo. Nenda na pasipoti, si picha yake kwenye simu, kwa maana tarakimu huzisoma mwenyewe mara mbili, na ufike Jumatatu hadi Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi, ngazi za nyuma, mlango ulio karibu na duka la vifaa vya uvuvi.