Nyaya za kuning'inizia taa juu ya tangi la samaki: vibano vizuri, skrubu za kutupa

Seti za kuning'inizia taa za akwariamu zinafanana mno, na nyingi hazina hata jina la mtengenezaji. Ukifungua kifuko utakuta nyaya mbili za chuma cha pua zenye unene wa milimita 1.5, kila moja ikigawanyika chini kuwa mikono miwili kama herufi Y, vikombe viwili vya kufungwa darini, vibano vya kurekebishia urefu, kulabu ndogo za kushika taa, na skrubu pamoja na plagi zake za plastiki. Tumeipima seti ya aina hiyo kwa taa za LED za sentimita 60 hadi 120, yaani mzigo wa kilo 2 hadi 5 hivi. Waya na vibano ni vya kuaminika, kulabu ni za wastani, skrubu hazifai.

Tuanze na kibano, maana ndicho kinachoifanya seti iwe na thamani. Ni kipande cha shaba kilichopakwa nikeli, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha kalamu, na ndani yake mna gololi ndogo ndogo zinazosukumwa na springi kwenye mfereji unaobana kadiri unavyokwenda upande mmoja. Uzito wa taa unapovuta waya, gololi zinazidi kuubana. Ndiyo maana kibano kizima hakitelezi hata kidogo, iwe siku ya kwanza au baada ya mwaka. Kuongeza urefu, unabonyeza kichwa chake na kuvuta waya. Kupunguza, unausukuma tu waya upite.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kibano hakipaswi kubonyezwa kikiwa na mzigo. Ukibonyeza huku taa inaning'inia, ama hakifunguki kabisa, ama kinafunguka ghafla na upande mmoja wa taa unaingia majini. Nyanyua taa kwa mkono mmoja hadi waya ulegee, ndipo ubonyeze kwa mkono wa pili. Kwa taa ya sentimita 120 hii ni kazi ya watu wawili, na funika tangi kwa ubao kabla ya kugusa chochote.

Kabla ya kununua, angalia kibano kiko wapi. Kuna seti zenye kibano kwenye kikombe cha darini, na kuna zenye kibano karibu na taa. Ya kwanza inapendeza kwa sababu chini unaona waya mtupu, lakini kila ukitaka kushusha taa sentimita 5 utahitaji ngazi, na baada ya mwezi hutarekebisha tena. Nunua yenye kibano chini. Kama taa haibadilishwi urefu, hakuna sababu ya kutoboa dari; miguu iliyokuja na taa inatosha.

Usikate waya unaobaki siku ileile. Uache ukizungushwa wiki mbili tatu mpaka urefu unaoutaka ujulikane, kisha bakiza angalau sentimita 20. Funga selotepu ngumu mahali pa kukata, kata katikati ya selotepu kwa plaizi kali ya kukatia waya, halafu tia tone la supaglu kwenye ncha. Waya huu umesukwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Ncha ikifumuka, uzi mmoja unaingia kati ya gololi na kibano kinakwama. Kikishakwama hivyo hakitengenezeki.

Sasa dari. Waya wa unene huu hubeba mzigo mkubwa mara nyingi kuliko taa yoyote ya nyumbani, kwa hiyo seti ikianguka, tatizo karibu kila mara liko juu. Skrubu zinazokuja kwenye kifuko ni laini, kichwa kinaliwa na bisibisi kabla hazijaingia nusu, na plagi zake za plastiki ni nyembamba. Usizitumie.

Kwenye dari la zege, tumia bolti ya chuma inayotanuka yenye jicho, ya milimita 6. Toboa kwa drili ya kugonga, kipenyo na kina kama kilivyoandikwa kwenye bolti, pulizia vumbi lote litoke, kisha kaza. Vumbi likibaki tunduni, bolti inazunguka bila kushika. Toboa kabla tangi halijawekwa, au funika kila kitu kwa nailoni, kwa sababu vumbi la zege lina chokaa na likiingia majini linapandisha ugumu wa maji.

Dari la jipsamu ndilo linalotawala nyumba nyingi mpya za Dar es Salaam na Nairobi, na jipsamu peke yake si ya kuaminiwa kwa mzigo unaoning'inia saa 24 juu ya maji na umeme. Tafuta mbao au chuma kinachoishikilia. Pitisha sumaku ndogo taratibu chini ya dari: mahali inaponasa pana skrubu, na skrubu zikijipanga kwenye mstari, huo ndio mstari wa ubao. Hakikisha kwa kutoboa kitundu chembamba, kisha funga kulabu ya skrubu inayoingia ndani ya ubao wenyewe angalau sentimita 3. Mara nyingi ubao hauko pale unapotaka taa iwe. Usivute waya kwa mshazari kufuata ubao, maana taa itasogea nyuma au mbele na kulala upande. Fundi afunge kipande cha mbao kinachovuka kutoka ubao hadi ubao, na kulabu zifungwe hapo katikati.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa asikate tamaa. Fundi wa kuchomelea anaweza kukunja bomba la chuma la pembe nne la inchi moja likawa mkono unaopanda nyuma ya stendi na kuja mbele juu ya tangi. Mkono mmoja unatosha kwa tangi la sentimita 60. Tangi la 120 linataka miwili. Nyaya zilezile zinafungwa kwenye mkono, na siku ya kuhama unaondoka na kila kitu. Upakwe rangi ya kuzuia kutu kabla haujafika ndani, hasa kwenye maungio.

Kuhusu feni ya dari: taa iliyo kwenye nyaya inayumba kwa upepo, na mwanga unaochezacheza unawatia samaki hofu. Umbo la Y linapunguza sana kuyumba, mradi kulabu za chini zishike kingo mbili za taa na si mstari wa katikati. Pamoja na hilo, weka tangi mbali na feni, mita moja na nusu au zaidi kutoka katikati yake.

Urefu wa taa una hesabu yake. Chukua tangi la sentimita 60 kwa 30. Taa yenye lenzi za pembe ya nyuzi 90, ikiwa sentimita 15 juu ya maji, inatandaza mwanga upana wa sentimita 30, sawasawa na tangi. Yenye nyuzi 120, kwa urefu uleule, inatandaza karibu sentimita 52, na sehemu ya mwanga huo inakwenda ukutani na machoni mwa aliyekaa kwenye kochi. Kwa hiyo taa ya lenzi pana ikipandishwa sana inapoteza nguvu bila faida. Ukitaka kuitundika juu zaidi, nunua yenye lenzi finyu, au uifunge kingo za bati jeusi pembeni.

Tangi jipya lenye mimea lianze na taa ikiwa sentimita 30 juu ya maji, saa 6 kwa siku. Mimea ikishika mizizi, shusha sentimita 5, subiri wiki mbili, uangalie. Mimea ya shina ikirefuka na kuacha nafasi kubwa kati ya jani na jani, na majani ya chini yakidondoka, mwanga ni mdogo, shusha. Anubias, ambayo hukua polepole na kuridhika na mwanga hafifu, ikipata madoa ya kijani magumu kwenye majani, mwanga umezidi, pandisha. Usibadilishe urefu na saa za taa kwa pamoja, maana hutajua kipi kilichofanya kazi. Wanaofuga Tropheus wa Ziwa Tanganyika wana sababu ya kushusha: samaki hao hula mwani unaoota juu ya mawe, na mawe yenye mwanga mkali huwapa malisho mchana kutwa.

Kusawazisha taa hakuhitaji pimamaji. Uso wa maji umeshakusawazishia. Pima kwa rula kutoka majini hadi ukingo wa taa pande zote mbili. Tofauti ya milimita 3 tu inaonekana toka upande wa pili wa sebule.

Waya wa umeme ufungwe kwenye mkono mmoja wa nyaya kwa vifungo vitatu, ukiacha ulegevu wa sentimita 20 kwa ajili ya kushusha. Kabla ya kufika kwenye soketi ushuke chini yake kisha upande, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Adapta isifungwe juu ya taa. Inaongeza uzito upande mmoja na joto. Saketi ya tangi iwe na kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme unapovuja.

Mshindani wa nyaya ni kamba yenye kapi la meno, ileile inayotumika kwenye vitalu vya ndani. Inavutwa kwa sekunde, inabeba mzigo mkubwa, na kwa anayekata mimea kila wiki ni rahisi kuliko vibano. Lakini pande mbili hazilingani bila kuhangaika, kamba inaonekana nene, na kapi lenye meno ya plastiki linalika. Kama tangi liko chumba cha kuzalishia, chukua kamba. Kwa sebule, chukua nyaya.

Kwa tangi la maji chumvi, na kwa nyumba yoyote iliyo karibu na bahari kutoka Mombasa hadi Mtwara, kibano ndicho kinachochakaa kwanza. Nikeli inaachia, ukungu wa kijani unatokea kwenye shaba, gololi zinagoma kurudi. Vifute kwa kitambaa chenye maji baridi kila mwezi, vikaushe, na bonyeza kila kichwa mara kadhaa huku mtu ameshika taa. Kichwa kisichorudi chenyewe kinataka kibano kipya siku hiyohiyo.

Na taa ikishatundikwa, mfuniko wa tangi usiondoke kwa sababu tu umepata nafasi. Nothobranchius, wale samaki wadogo wa rangi kali wanaoishi kwenye vidimbwi vya msimu vya ukanda wa pwani, wanaruka na kupenya hata kwenye mwanya mwembamba. Kioo cha milimita 4 kilichofutwa alama za maji kila wiki hakizuii mwanga wa kutia wasiwasi. Kikiachwa na ukungu wa chokaa, kinazuia, na utashusha taa bure.