Miezi sita na akili mnemba ya kulipia: uzoefu wangu wa kuandika nikiwa Tanga

Nyota tatu kati ya tano. Naitumia kila siku ya kazi, na bado aya ya Kiswahili inayokwenda kwa mteja siiachii iiandike yenyewe. Jina la programu naliweka kando, maana hizi kubwa za kuongea nazo, zilizofurika tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, nimezijaribu kadhaa na zinajikwaa mahali palepale.

Bei ni dola 20 kwa mwezi, yaani elfu hamsini na kitu. Kadi ya Visa ya mtandaoni unayoifungua kwenye pesa za simu inakubalika, ila acha elfu tano au zaidi juu ya bei: makato ya kubadilisha fedha yakizidi salio, malipo yanagoma na huambiwi sababu. Mwenye oda mbili tatu kwa mwezi, toleo la bure linamtosha. Ajue tu kwamba kwa Kiswahili kikomo cha matumizi kinaweza kufika upesi, kwa kuwa mashine haisomi neno zima bali vipande, na neno kama "walivyotuandikia" linakatwa vipande vingi kuliko neno la kawaida la Kiingereza.

Pesa yangu inarudi kabla sijaanza kuandika. Siiombi makala, naiomba maswali. Kama mada ni bei za samaki pale Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, naitajia msomaji ni nani, kisha naitaka maswali 20 ambayo mnunuzi wa jumla angeyauliza. Mengi ni ya kutupa. Matatu au manne ndiyo yale ambayo ungeyakumbuka ukiwa umeshapanda bodaboda kurudi: barafu inalipwa na nani, mzigo ukilala hasara ni ya nani. Majibu yake yako sokoni tu. Ukirudi nayo una kitu ambacho mwenzako mwenye programu hiyohiyo hana, na hicho unakitoza bei kwa kazi nzima, si kwa neno. Makala ya kuokoteza mtandaoni mteja siku hizi anajitengenezea mwenyewe kabla chai haijapoa.

Kugeuza mahojiano kuwa maandishi nako inasaidia, kwa masharti. Rekodi vipande vya dakika kumi kumi, simu iwe shubiri moja hivi kutoka mdomoni, na uikinge upepo wa bahari kwa mwili wako. Penye kimya au mvumo haiachi pengo. Inapachika sentensi ambayo hakuna aliyeisema, na inaipachika kwa lugha safi kiasi kwamba jicho halishtuki. Hesabu ndiyo balaa. "Laki na nusu" nimeikuta imeandikwa 100,500 badala ya 150,000. Kwa hiyo kila tarakimu nairudia kwa sikio. Mazungumzo ya nusu saa yanakula robo saa ya ziada.

Sasa Kiswahili chenyewe. Kinachotoka ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, kwa sababu imefundishwa kwa Kiingereza kingi mno kuliko lugha yetu. Chukua tangazo la hoteli ya Raskazone. Kifungua kinywa cha saa 1 hadi saa 4 asubuhi kinarudi kikiwa "saa 7 hadi saa 10 asubuhi": imebeba tarakimu za Kiingereza bila kuondoa saa sita. Mgeni akiiona saa 7 anafikiria chakula cha mchana. Nguru anaitwa "samaki mfalme". Singa za mkonge, yaani nyuzi zake, zinaitwa "nyuzinyuzi", kana kwamba tunazila kama mboga. Ngeli inaipata vizuri sentensi ikiwa fupi. Ikirefuka inafuata nomino iliyo karibu, ndipo unasoma "mzigo wa dagaa ulioshushwa alfajiri walipimwa".

Dawa yangu ni faili moja ninayoibandika mwanzoni mwa kila mazungumzo. Ina maneno 300 ya makala niliyoiandika kwa mkono wangu, msamiati wa mada (mkonge, singa, korona yaani mashine ya kuchakata mkonge, mashamba kwa majina yake), agizo la saa, na orodha ya marufuku: "katika ulimwengu wa leo", "ni muhimu kutambua kwamba", "mwisho wa siku". Isizidi ukurasa mmoja na nusu. Ikirefuka, maagizo ya katikati yanapuuzwa. Kazi ndefu naikata maneno 1,000 hivi kwa awamu, na mazungumzo yakianza kurudia makosa niliyokwisha kuyakataza nafungua mapya badala ya kubishana nayo. Hata hivyo, kusafisha tafsiri yake ya maneno 1,000 kunanichukua karibu saa mbili, na kuandika upya saa tatu. Faida si kubwa kama wanavyoinadi.

Ukweli ihakiki mstari kwa mstari. Ile hadithi kwamba mapango ya Amboni yanatokea Mombasa inaiandika kama jambo lililopimwa, na ukidai chanzo inaweza kukutungia ripoti yenye mwaka na kichwa cha habari kizuri.

Wanaoandikia wateja wa nje wajihadhari na vigunduzi vya maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Kijana wa Ngamiani, hapa Tanga, mwenye Kiingereza sanifu cha shule yuko humohumo. Andika kwenye Google Docs tangu mstari wa kwanza ili historia ya mabadiliko ibaki, tunza rekodi za sauti, na mkubaliane na mteja kabla ya kazi, kwa maandishi, akili mnemba itaguswa wapi.

Majina na namba za simu za watu uliowahoji yafute kabla ya kubandika chochote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimsamehi mwandishi kwa sababu yuko nyumbani kwake. Kwenye mipangilio zima pia ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kuifundisha mashine.

Na malipo yanajirudia yenyewe kila mwezi. Mwezi usio na oda, sitisha siku mbili kabla ya tarehe, halafu hamisha salio la kadi lirudi kwenye simu.