Lita Moja, Kilomita Ngapi? Tunapima Ulaji wa Mafuta wa Magari Madogo

Wadau, karibuni. Leo tuko na magari madogo, haya ya injini ya cc 1000 hadi 1500, na tunashughulika na lile swali ambalo wenye magari haya hawaachi kuulizana: la kwako linakwenda kilomita ngapi kwa lita? Mmoja anasema 22. Mwingine mwenye gari hilo hilo, la mwaka huo huo, anasema lake halivuki 14. Hapo ugomvi unaanza. Huyu anaambiwa mwongo, yule anaambiwa gari lake bovu. Mimi nasema wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Nitakuonyesha kwa nini, halafu nitakuambia lipi la kuchukua kwa matumizi yapi.

Tuanze na Toyota Aqua, ile haibridi iliyotoka Japani Desemba 2011. Injini ya cc 1500, mota ya umeme, betri chini ya kiti cha nyuma. Lilipotoka, karatasi zake za Japani ziliandika kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo kinachoitwa JC08. Kwa kipimo cha kabla yake, kile cha 10-15, waliandika 40. Gari hilo likaenda Marekani kwa jina la Prius c, Wamarekani wakalipima kwa njia yao, wakaandika maili 50 kwa galoni. Ukizigeuza hizo unapata kilomita 21 na kidogo kwa lita. Hebu zitazame namba hizo tatu zikiwa pamoja: 40, 35, 21. Injini ni ile ile na mfumo wa haibridi ni ule ule.

Kinachotofautiana ni jaribio. Gari huwekwa juu ya rola, dereva anafuata mchoro wa mwendo kwenye skrini. Sasa kile kipimo cha 10-15, mwendo wake wa wastani haufiki kilomita 23 kwa saa, na kasi ya juu kabisa ni 70. JC08 ilisogea mbele kidogo: ilifika karibu 82, na sehemu ya jaribio ilianza injini ikiwa baridi. Wamarekani, kuanzia magari ya modeli ya 2008, waliongeza jaribio la mwendo mkali, jaribio la kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi na jaribio la hali ya baridi. Ndiyo maana namba yao iko karibu zaidi na kile unachokiona ukiwa barabarani. Na usidhani ni haibridi peke yake. Mazda Demio ya mwaka 2011, ile 13-Skyactiv ya cc 1300, ilipewa kilomita 30 kwa kipimo cha 10-15 na 25 kwa JC08. Ni gari moja katika nchi moja, na tayari kilomita tano zimepotea.

Kwa hiyo kama ulinunua gari kwa kuwa tangazo lilisema 35, ukafika nyumbani ukaona 22, gari lako halina ugonjwa. Usilipeleke kwa fundi likabadilishwe plagi, sensa na pampu ya mafuta vikiwa bado vizima. Jambo hili linaniuma kweli, maana watu wanatumia pesa kutibu namba ya kwenye tangazo.

Kwa magari mapya zaidi Japani inatumia kipimo cha WLTC tangu 2018, na uzuri wake ni kwamba karatasi inakuonyesha mjini peke yake, pembezoni mwa mji peke yake, na barabara kuu peke yake. Ukikuta karatasi ya hivyo, achana na namba kubwa iliyoandikwa juu. Shuka chini usome mstari unaofanana na maisha yako.

Kitu kingine kinachochanganya watu: galoni. Ukisikia mtu anajisifu kwa maili 50 kwa galoni, muulize galoni ya wapi. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Mwenye maili 50 za Uingereza anapata kilomita 17.7 kwa lita. Mwenye 50 za Marekani anapata 21.3. Nimeona watu wakibishana kutwa nzima juu ya magari mawili ambayo kumbe yanakula sawa.

Sasa tuje kwenye kupima, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapokosea. Wako wanaopima kwa taa: anaweka lita kumi, anatembea mpaka taa ya mafuta iwake, anagawanya. Taa ile inategemea boya lililo ndani ya tenki. Ukiwa mlimani au kwenye mteremko, inaweza kuwaka mapema au kuchelewa. Wako pia wanaosoma namba ya kwenye dashibodi. Ile ni makadirio ya kompyuta ya gari, na mara nyingi inakupendelea. Inafaa kulinganisha safari yako ya leo na ya jana katika gari hilo hilo. Kulinganisha gari lako na la jirani, haifai.

Njia ya kuaminika ni tenki kwa tenki. Tazama ninavyofanya hapa. Gari liko sehemu tambarare. Ninajaza, mshikio wa pampu umeachwa ujiendeshe wenyewe, hakuna kubonyeza. Umesikia? Tak! Umekata. Ninaishia hapo. Simwambii mhudumu aongeze kidogo ili hesabu ifike namba nzima, kwa sababu mafuta yanapoingia kwa kasi yanatoa povu, na ukiendelea kubonyeza hujui umeweka kiasi gani juu ya mstari wa jana. Kisha ninarudisha kisoma safari, kile kinachohesabu kilomita za safari moja, kwenye sifuri. Ninatembea kama kawaida mpaka tenki lipungue sana. Ninarudi, pampu ile ile, gari likiwa limeelekea upande ule ule, ninajaza mpaka ikate mara ya kwanza. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia safari hii. Basi.

Kwa nini nisubiri tenki lipungue? Kwa sababu ya kosa la pampu. Pampu ikikata mapema kwa lita moja, kwenye lita 8 umeharibu hesabu kwa zaidi ya asilimia 12. Kwenye lita 30 kosa hilo hilo ni asilimia 3 tu. Na usiamini tenki moja. Kusanya kilomita za matenki kadhaa, kusanya lita zake zote, ndipo ugawanye mara moja tu.

Hapo kwenye kugawanya mara moja naomba unisikilize vizuri. Watu wengi wanachukua 10 ya mjini na 20 ya barabara kuu, wanajumlisha, wanagawa kwa mbili, wanasema gari langu ni 15. Sivyo. Tembea kilomita 100 mjini kwa 10, umetumia lita 10. Tembea 100 nyingine kwa 20, umetumia lita 5. Jumla ni kilomita 200 kwa lita 15, ambayo ni 13.3. Ile 15 haipo popote, na ndiyo inayotangazwa.

Ndiyo sababu mimi napenda kuhesabu lita kwa kila kilomita 100. Kilomita kwa lita zinadanganya macho. Ukitoka gari la 10 ukaingia la 12, inaonekana umepiga hatua ndogo. Kwa kilomita 1000 umeokoa karibu lita 17. Ukitoka la 20 ukaingia la 25, unaona umeruka, lakini kwa kilomita hizo hizo 1000 umeokoa lita 10. Mfukoni zinaingia lita.

Haya, tuyaweke magari mawili pamoja. Nachukua Honda Fit ya 2009 ya soko la Marekani, cc 1500, otomatiki, ile ya kawaida isiyo Sport, na Aqua yetu, yaani Prius c ya 2012. Nimeyachagua kwa sababu yote ni ya cc 1500 na yote yamepimwa kwa utaratibu mmoja, huo mkali wa kuanzia modeli za 2008. Fit mjini ni maili 28 kwa galoni, barabara kuu 35. Prius c mjini ni 53, barabara kuu 46.

Umeona kitu? Fit linakula zaidi mjini, kama tulivyozoea. Aqua limegeuka, linakula zaidi barabara kuu. Mjini kila unapokanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta, nguvu ambayo gari jingine linaitupa kwenye pedi kama joto inarudi kwenye betri. Ukisimama kwenye foleni, injini inazima. Gari lisilo haibridi likiwa limesimama linaunguza mafuta huku kilomita ni sifuri, na kiyoyozi kinaongeza mzigo. Ukitoka barabara kuu, ukashika mwendo mmoja bila breki, betri inakosa cha kuokota.

Tuzitoe kwa lita. Mjini, Fit ni lita 8.4 kwa kilomita 100, Aqua 4.4. Umeokoa lita nne. Barabara kuu, Fit ni 6.7, Aqua 5.1. Umeokoa lita moja na nusu hivi. Kwa hiyo swali la haibridi kama inalipa au hailipi linajibiwa na barabara unayopita kila siku.

Na kwenye barabara kuu kuna adui mwingine ambaye magari madogo yanamhisi sana: upepo. Ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 ukaenda 110, nguvu inayokusukuma nyuma inakaribia mara mbili. Injini ya cc 1000 ya silinda tatu, kama ile ya Toyota Vitz, inatulia vizuri sana kwenye 80. Ukiilazimisha 120 ikiwa na watu watano na keria juu ya paa, usishangae ikikufikisha kwenye ulaji wa injini kubwa. Keria kama huna mzigo, ishushe.

Upepo wa tairi, fuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Mafuta ya okteni ya juu kwa gari ambalo mtengenezaji wake hakuyataka, hayakuongezei kilomita. Na kama umebadilisha rimu, angalia: kutoka tairi ya 175/65 R14 kwenda 185/60 R15, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3 na zaidi. Gari linatembea mbali kuliko linavyosoma, na wewe unalilaumu kwa kula mafuta ambayo halijala.

Wale wanaoweka frii, yaani kulitoa gari kwenye gia, kwenye mteremko, tafadhali acheni. Gari la injekta likiwa kwenye gia, ukaachia pedali ya mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka frii, injini inabidi inywe mafuta ili isizime, na umepoteza msaada wa injini kushika gari. Hiyo ni hatari kwako na kwa unaokutana nao.

Halafu kuna zile safari fupi za dakika tano, kisha gari linapoa, kisha tena dakika tano. Injini ikiwa baridi inapewa mafuta mengi zaidi. Mtu wa safari hizo akipima tenki lake, namba itakuwa mbaya kwa gari lolote.

Ukiamua kununua Aqua lililotumika, kabla ya kuuliza kilomita ngapi kwa lita, inama kwenye kiti cha nyuma. Pale chini kuna tundu lenye vijipenyo, ndilo linalovuta hewa ya kupoza betri. Weka tochi. Ukikuta limejaa vumbi na manyoya ya zulia, betri hiyo imekuwa ikipata joto, na mwenye gari hakujua au hakujali. Feni na tundu hilo visafishwe kabla hujatoa pesa, na betri ipimwe kwa mashine.

Maamuzi yangu sasa. Wewe wa foleni, wa simama-nenda asubuhi na jioni, chukua haibridi. Hizo lita nne kwa kila kilomita 100 hakuna gari dogo la petroli tupu litakalokurudishia. Wewe wa mjini lakini kilomita zako ni chache kwa mwezi, injini ya cc 1000 inakutosha, na hutakuwa na betri kubwa ya kuiwazia. Wewe wa barabara kuu siku nyingi za wiki, mimi ningekupa Fit au Demio ya cc 1300 kwenda juu, yenye nguvu ya kupita lori bila kuikamua, ukashika 90. Ile lita moja na nusu ya ziada ningeilipa bila kinyongo.