Muuzaji Poda Anayekutoa Nje Juani

Nakaa Likoni, Mombasa, kazi yangu ni ya mapokezi kwenye hoteli moja upande wa Nyali. Kila uchao napanda feri kabla ya saa moja. Mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na masika hayajaingia, nikishuka upande wa mjini uso umeshachuruzika jasho na nusu ya nilichojipaka imehamia kwenye mtandio. Kwangu poda ni kifaa cha kazi, kama pasi ya kunyooshea sare. Ndiyo maana nimeona niandike kuhusu duka hili la vipodozi, maana nimelitafuta miaka.

Ni kijiduka kwenye kichochoro kinachokatiza kutoka Biashara Street, ukishayapita maduka ya leso. Hakina bango. Wakisimama wateja watatu ndani, wa nne hungoja nje. Muuzaji ni mama wa makamo, msemaji wa taratibu. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikamwonyesha kopo langu la faundesheni ya poda, nikaomba jingine kama lile. Alilitazama, akanitazama uso, kisha shingo. Hakunipakia kwenye kiganja kama wafanyavyo wengi. Alinitia michirizi mitatu ya rangi tatu hapa kwenye taya, akanishika mkono hadi mlangoni.

"Usiitazame rangi ndani, mwanangu. Taa hii mrongo."

Juani, michirizi miwili ilionekana waziwazi, mmoja wa kijivu na mwingine wa manjano. Wa tatu sikuuona kabisa, na huo ndio ulikuwa wangu. Hata hapo hakuniuzia. Aliniambia nizunguke Marikiti nifanye shughuli zangu, nirudi baada ya robo saa, kwa sababu faundesheni ikikutana na hewa na mafuta ya ngozi huweza kuiva ikawa nyeusi zaidi ya ulivyoiona kwenye kopo. Nilinunua embe, nikarudi, akatazama tena taya langu, ndipo akafunga mzigo. Akanieleza kuwa weusi wangu una wekundu ndani yake, na mtu mwenye weusi kama huo akipaka rangi yenye umanjano mwingi huonekana kama mgonjwa.

Neno hilo lilinigusa kwa sababu miaka miwili nilikuwa nikitumia rangi nyepesi kuliko ngozi yangu. Niliuziwa kwenye duka kubwa la mjini, msichana akaniambia "hii itakutoa," nikamwamini. Picha za harusi ya binamu yangu ziliporudi, kila niliyopigwa kwa mwanga wa kamera nilikuwa na uso wa jivu na shingo yangu ya kawaida. Mamangu alizitazama kimya, akazirudisha kwenye bahasha.

Sasa poda yenyewe. Kopo ni shilingi 850, lina kioo na sifongo yake. Nimeitumia wiki sita. Nikijipaka saa kumi na mbili asubuhi, mashavu hubaki sawa hadi saa nane mchana. Paji la uso na pua huanza kung'aa saa sita. Nafuta kwa karatasi laini, nagusia poda kidogo, basi. Siri aliyonipa ni kungoja mafuta ya kukinga jua yakauke usoni kabla ya kutia chochote juu yake. Zamani nilikuwa nikipaka vyote kwa pupa, ndiyo sababu vilikuwa vikijikunja vijiuzi chini ya kidevu. Lipstiki niliyochukua siku hiyohiyo, ya shilingi 300, sikuipenda. Rangi yake ni ya zabibu iliyoiva, nzuri sana, lakini ifikapo adhuhuri midomo imekauka na kupasuka.

Lililonifanya nimheshimu mama huyu ni vitu asivyouza. Nikiwa pale aliingia binti mdogo akitaka krimu ya kumng'arisha. Akamjibu, "Ngozi yako haijaugua, waitibu nini?" Akampa liwa, ule unga wa msandali, akamwelekeza aichanganye na marashi ya mawaridi. Mkorogo, zile krimu za kujichubua, hauweki dukani kwake kabisa. Tunajua uko mjini. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya, lakini bado hupita chini ya meza. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo, na mama anayejipaka huweza kumfikishia mwanawe aliye tumboni. Nimeona wenzangu wawili kazini walioanza hivyo na sasa hawawezi kutoka juani bila uso kuwawasha.

Hina yake ni unga wa kijani unaonukia majani makavu. Ukiichora hutoka ya machungwa, kisha huiva yenyewe siku ya pili ikawa ya hudhurungi. Hii ndiyo tabia ya hina. Kitu kikikuingia cheusi tititi ndani ya saa moja, hicho ni piko, rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na haikutengenezwa kwa kuchorea ngozi. Katika harusi ileile ya binamu yangu, bibi harusi aliamka siku ya tatu mikono ina malengelenge yaliyofuata maua ya mchoro, jani kwa jani. Alama zake bado zipo. Namsihi kila mwenye harusi: uliza unachopakwa kabla hujanyoosha mkono.

Kwa jambo moja sikubaliani na mama. Anauza wanja wa kusaga, umefungwa kwenye vikaratasi, hauna jina wala viungo vilivyoandikwa. Wanja wa jiwe mara nyingi huwa na risasi, ile madini, nayo hudhuru ubongo wa watoto. Na huku kwetu kina mama bado wanawapaka watoto wachanga nyusi na macho. Nilimwambia kwa adabu. Alisema ndio aliokulia nao. Namwelewa, nami nimekulia nao, lakini siununui tena. Nanunua wa kalamu wenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo unaweza kuihakikisha kwa kutuma SM# na namba yenyewe kwenda 20023.

Mengineyo: risiti hupati mpaka uombe. Analipwa taslimu au M-Pesa. Ijumaa hufunga tangu saa sita hadi swala iishe. Rangi za watu weusi sana humalizika upesi, na hili linaniuma, kwa sababu dadangu ni mweusi kunishinda na amerudi mikono mitupu mara mbili. Mama alikiri kwamba muuzaji wa jumla humletea makopo mengi ya rangi nyepesi na machache ya rangi nzito. Safari hii ameandika namba ya rangi ya dadangu kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake mara mbili. Mzigo waingia wiki ijayo. Jumamosi tutavuka feri pamoja, asubuhi, wakati jua bado linapiga upande wa mlango wake.